Nusu juu, nusu chini: kisa cha vyumba vya chini vya New York

Usiku wa tarehe 1 Septemba 2021 mabaki ya kimbunga Ida yalifika New York. Kati ya saa 2:51 na saa 3:51 usiku, kipimo cha mvua cha Central Park kilinasa inchi 3.15, yaani milimita 80, kwa saa moja. Rekodi iliyokuwapo kabla ya hapo, inchi 1.94, ilikuwa imewekwa siku kumi na moja tu nyuma. Mitaro ya mji ule hujengwa ikipimiwa inchi 1.75 kwa saa. Hesabu ni rahisi: karibu nusu ya mvua ile haikuwa na pa kwenda isipokuwa barabarani, na kutoka barabarani ikateremka ngazi.

Watu 13 walikufa mjini usiku ule. Kumi na mmoja kati yao walikuwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, karibu wote katika wilaya ya Queens. Wengine hawakuwahi hata kuufikia mlango. Katika nyumba moja, ukuta wa chini ulipasuka kwa uzito wa maji na watu wakafunikwa mara moja.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kuliko kingine chochote cha makazi, na kila nikikirudia naona kinasimuliwa vibaya. Husimuliwa kama kisa cha mvua, au cha wenye nyumba waliopangisha bila kibali. Vyote viwili vimo. Lakini ukiuliza ni kwa nini watu 11 walikuwa wamelala pale, chini ya usawa wa barabara, katika mji ambao dunia nzima inaufahamu kwa majengo yake marefu, jibu halipatikani mawinguni. Linapatikana kwenye kanuni zinazosema nyumba ipande hadi wapi, na urefu huo uanze kuhesabiwa kutoka wapi.

Kanuni ya nusu

Sheria za New York zina majina mawili ya ghorofa iliyozama ardhini. Ikiwa angalau nusu ya kimo chake iko juu ya usawa wa ukingo wa barabara, hiyo ni besimenti. Ikiwa zaidi ya nusu iko chini ya usawa huo, inapewa jina jingine, ambalo hapa nitaliita stoo ya chini. Kwa mpita njia hizi mbili hazina tofauti: ngazi chache za kushuka, mlango mdogo, dirisha linaloonyesha miguu ya watu. Kwa sheria ni mbingu na ardhi. Katika nyumba ya familia moja au mbili, besimenti inaweza kupata kibali cha kukaliwa na watu, ikiwa dari lake halipungui futi 7, kila chumba kina dirisha na kuta hazipitishi unyevu. Stoo ya chini, kwa miaka yote iliyotangulia kisa hiki, haikuruhusiwa kupangishwa kabisa.

Sasa chukua nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja kwenye mtaa wenye mteremko mdogo. Kimo cha ghorofa ya chini ni inchi 90 katika zote mbili. Ya kwanza ina inchi 45 juu ya ukingo wa barabara: ni besimenti, inaombewa kibali. Jirani yake, kwa kuwa barabara imepanda kidogo mbele yake, ina inchi 44: ni stoo, haiombewi chochote. Inchi moja ndiyo inayotenganisha chumba cha halali na chumba ambacho anayelala ndani yake hayumo katika daftari lolote.

Kinachonisumbua zaidi katika kipimo hiki ni mahali kinapoanzia. Sheria inapima kutoka ukingo wa barabara. Maji hayapimi hivyo, maji hufuata mkondo. Queens imejaa vijito vilivyofukiwa na kuingizwa mabombani ili mitaa ijengwe juu yake, na kijito cha Kissena ni kimojawapo. Nyumba iliyo kwenye bonde la kijito kama hicho inaweza kuwa na besimenti iliyotimiza masharti ya kimo, nusu nzima juu ya barabara, na bado barabara yenyewe ikageuka mto. Kule mlimani, stoo iliyozama zaidi ya nusu inaweza kukaa miaka hamsini bila tone la maji. Kanuni ya nusu ilitungwa kwa ajili ya mwanga na hewa, na kwa hilo ina maana yake. Haikutungwa kwa ajili ya mafuriko. Hata hivyo ndiyo iliyokuwa ikiamua nani anakaa salama kisheria na nani anakaa kwa kujificha.

Shimo lililokwisha chimbwa

Msomaji aliyezoea nyumba za msingi mfupi anaweza kushangaa kwa nini karibu kila nyumba kule ina ghorofa chini. Sababu ya kwanza ni baridi. Udongo ukiganda unavimba, na ukivimba unainua msingi na kupasua kuta. Kwa hiyo msingi lazima ushuke chini ya kina ambacho baridi hufika, na kanuni za ujenzi za New York zinataka usipungue futi 4. Ukishachimba futi 4 kuzunguka nyumba nzima, kuongeza futi nyingine tatu au nne ni gharama ndogo, na umejipatia ghorofa. Nyumba nyingi za Queens za miaka ya 1920 zilijengwa hivyo, boila la makaa ya mawe, la kupashia nyumba joto, likawekwa chini pamoja na makaa yenyewe. Baadaye makaa yakaondoka, boila likawa dogo, na nafasi ikabaki.

Nafasi hiyo ina thamani ambayo haionekani ukiitazama kwa macho ya mtu wa ghorofa ya juu. Kuta zipo, sakafu ipo, na dari lililopo ni sakafu ya mwingine. Maji na umeme vimekwisha fika. Udongo unaokizunguka chumba hukipoza wakati wa joto na kukipunguzia baridi wakati wa theluji. Hakuna ardhi ya kununua. Katika mji ambao ardhi ndiyo ghali kuliko matofali, huwezi kupata chumba kipya kwa bei ndogo kuliko kile ambacho tayari kimechimbwa. Ubaya wake nao ni wa kweli: mwanga hafifu, unyevunyevu, hewa nzito, boila linaloweza kutoa gesi ya sumu usiku, na mara nyingi njia moja tu ya kutokea.

Lakini thamani ya kitu chochote hupandishwa pia na uhaba wa kitu kilicho karibu nacho, na hapa ndipo kanuni za kimo zinapoingia.

Kifuniko cha juu

New York ilianza kudhibiti umbo la majengo yake mwaka 1916. Mwaka mmoja kabla, jengo la Equitable lilikamilika Manhattan, likapanda wima kutoka ukingoni mwa barabara bila kujirudisha nyuma hata hatua moja, na kuitupia mitaa ya karibu kivuli kirefu. Kanuni za 1916 zikataka majengo yapungue upana kadiri yanavyopanda, ndiyo maana majengo ya kale ya mji ule yana umbo la ngazi. Mwaka 1961 kanuni hizo zilifutwa na kuandikwa upya kwa msingi mwingine: uwiano wa sakafu kwa kiwanja. Ukiwa na kiwanja cha futi za mraba 2,500 na uwiano wa 0.5, unaruhusiwa kujenga sakafu yenye jumla ya futi za mraba 1,250, uzigawe ghorofa upendavyo ndani ya mipaka ya kimo.

Kwa kanuni za zamani, wapangaji wa mji walikadiria, New York ingeweza kubeba watu milioni 55. Kanuni za 1961 zilishusha hesabu hiyo hadi milioni 12 hivi. Milioni 12 bado inazidi idadi ya wakazi, kwa hiyo kwa karatasi nafasi ilikuwapo. Ila haikuwa pale ambapo watu waliihitaji. Miaka ya 2000, chini ya Meya Michael Bloomberg, mji ulipanga upya zaidi ya maeneo 100. Sehemu nyingine ziliruhusiwa kupanda, lakini mitaa mingi ya nyumba ndogo ndogo, Queens ikiwa mbele, ilifungwa ibaki na umbo ililokuwa nalo. Wakazi wenyewe ndio walioomba, na ombi lao lilieleweka: hawakutaka jengo la ghorofa sita liwazibe jua.

Tukae kidogo na kiwanja kimoja, kwa kuwa jumla huficha mambo. Kiwanja cha kawaida kule ni futi 25 kwa 100, yaani zile futi za mraba 2,500. Tuseme kiko kwenye ukanda unaoitwa R3-2, mmoja wa kanda za nyumba fupi. Kabla ya mabadiliko ya mwishoni mwa 2024, uwiano ulikuwa 0.5, na nyongeza ya 0.1 kwa nafasi iliyo chini ya paa la mteremko. Jumla futi za mraba 1,500. Ukuta wa nje haukuruhusiwa kuvuka futi 21 kabla paa halijaanza kulala, na ncha ya paa haikuvuka futi 35. Jenga nyumba ya futi 20 kwa 35 na ghorofa mbili, sehemu ya ile ya juu ikiwa chini ya paa la mteremko, umekwisha tumia 1,400. Umekaribia kabisa kifuniko. Familia ikikua, au mkopo wa nyumba ukikaba, huna pa kupandia.

Chini kuna futi za mraba 700. Kanuni ilisema hivi: nafasi ya stoo ya chini haihesabiwi katika sakafu, isipokuwa ikitumika kwa makazi. Isome tena polepole. Ukiweka masanduku, mashine ya kufulia na baiskeli, zile futi 700 ni sifuri. Siku utakapoweka kitanda na mtu akalala, zinakuwa 700 kamili, jumla inafika 2,100, na nyumba yako yote imevuka kipimo. Masanduku yalikuwa bure mbele ya sheria, mtu ndiye aliyehesabiwa kama mzigo.

Sidhani aliyeandika kifungu kile alikuwa na nia mbaya. Alitaka kuzuia watu wasisukumwe chini ya ardhi. Mji ule una kumbukumbu chungu ya jambo hilo: miaka ya 1880 mwandishi wa habari Jacob Riis alishuka na kamera kwenye mashimo ambamo wahamiaji walikuwa wakilala, na picha zake zilisaidia kuleta sheria ya nyumba za kupanga ya 1901, iliyodai madirisha, mwanga na vyoo. Kila kizuizi unachokikuta leo kwenye vyumba vya chini kina mzizi wake katika huruma ile. Ila kizuizi cha chini kinafanya kazi yake pale tu ambapo juu pamefunguliwa. Mji ulifunga chini kwa ajili ya afya, ukafunga juu kwa ajili ya jua na sura ya mtaa, na watu waliendelea kuja.

Wakaingia pale palipokuwa na nafasi.

Watu wasiohesabiwa

Baada ya Ida, Meya wa wakati huo, Bill de Blasio, alikadiria kuwa vyumba vya chini visivyo na kibali vilikuwa takriban 50,000, vikiwa na watu wasiopungua 100,000. Anayeishi humo ni mpishi, dereva, mfanya usafi, fundi, mama aliyefika juzi na watoto. Na anayepangisha, mara nyingi, ni mhamiaji wa miaka ishirini iliyopita anayeishi ghorofa ya juu yake na kuitegemea kodi hiyo ili benki isichukue nyumba. Hili hupotea katika hasira za baada ya msiba. Wapo wenye nyumba wenye tamaa, waliogawa chumba kimoja kwa mbao nyembamba wakaingiza watu wanane. Lakini wengi wao na wapangaji wao wako kwenye jahazi moja.

Ukosefu wa kibali huwafunga wote wawili midomo. Mpangaji akiona ukuta unalia maji au waya wa umeme umechunwa, akapiga simu serikalini, mkaguzi anakuja. Mkaguzi akikuta chumba hakina hati, hana njia ya kusema kirekebishwe tu. Anabandika mlangoni amri ya kuhama, na aliyepiga simu anakuwa wa kwanza kukosa pa kulala. Mwenye nyumba naye anapigwa faini. Na kama nyumba ina kaya tatu au zaidi bila hati stahiki, hana haki ya kudai kodi mahakamani. Kwa hiyo hakuna anayepiga simu. Waya unabaki, unyevu unabaki, dirisha lenye nondo linabaki na nondo zake.

Rudi sasa kwenye usiku ule. Maji yakisimama sentimita 60 nje ya mlango wenye upana wa sentimita 90, yanausukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 160 hivi. Mlango ukifungukia nje, mtu mzima mwenye nguvu hawezi kuusogeza. Ukifungukia ndani, komeo likishindwa, maji yote yanaingia kwa mkupuo mmoja na kumzoa aliye mbele yake. Wakati huohuo bomba la maji taka barabarani limejaa, na kama bomba la nyumba halina valvu ya kuzuia kurudi nyuma, uchafu unapanda kupitia choo na tundu la sakafuni. Maji yanaingia kutoka pande mbili. Kilichobaki ni dirisha. Dirisha likiwa dogo, au lina nondo, au limezibwa na kiyoyozi, basi.

Vitu vinavyoweza kubadilisha mwisho wa dakika hizo havina ajabu yoyote: dirisha la kutosha mtu kupita linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, valvu kwenye bomba, king'ora kinacholia maji yakigusa sakafu, kengele za moshi na gesi zilizounganishwa na za ghorofa ya juu. Fundi wa kawaida anavifunga kwa siku chache. Ila fundi mwenye leseni hawezi kuomba kibali cha kuboresha chumba ambacho kisheria hakipo.

Jaribio la East New York

Mji ulikuwa unalijua tatizo kabla ya Ida. Mwaka 2019 ilipitishwa sheria ya majaribio kwa eneo la East New York na Cypress Hills, wilaya ya Brooklyn, ambako mwenye nyumba angeweza kukihalalisha chumba chake cha chini, hata stoo, kwa masharti yaliyolegezwa kidogo na mkopo nafuu wa hadi dola 120,000. Mamia walijitokeza. Waliofika mwisho walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Sababu ya kwanza hutajwa kila mara: mwaka 2020 janga la korona likaikaba bajeti, na fedha za mpango huu zikakatwa karibu zote. Ni kweli, na ilikuwa aibu. Lakini hata fedha zingekuwapo, sina imani kwamba mpango ungefika mbali, na sababu yake ndiyo inayofaa kujifunza.

Nyumba nyingi za eneo lile ni za familia mbili. Ukiongeza chumba cha tatu, nyumba inaingia chini ya sheria ya jimbo la New York ya majengo ya kaya nyingi, ya mwaka 1929. Sheria hiyo iliandikwa ikilenga majengo makubwa ya kupangisha, na madai yake juu ya njia za kutokea, kuta za kuzuia moto na vinyunyizio vya kuzimia moto ni ya majengo ya namna hiyo. Mwenye nyumba ya futi 20 alijikuta anadaiwa mambo ya mwenye jengo la vyumba ishirini. Kisha sakafu ya stoo ikahitaji kuchimbwa ili dari lifike kimo. Ukichimba chini ya msingi wa nyumba iliyoshikana na ya jirani, lazima uitegemeze na ya jirani pia. Gharama katika nyumba nyingi ikauvuka ule mkopo. Mtu anayepata kodi ndogo kwa mwezi akaona afadhali arudi kimyakimya alikokuwa. Nami siwezi kumlaumu.

Mpango ule ulimtaka mwenye nyumba aruke kutoka sifuri hadi ukamilifu kwa hatua moja. Hakukuwa na ngazi ya katikati, ambapo chumba kinatambuliwa, king'ora na dirisha vinawekwa mwezi huu, na mengine yanafuata kwa miaka. Na ngazi kama hiyo ilikuwa imekwisha jengwa kwingine, mji huohuo. Wasanii walipohamia kwenye viwanda vilivyoachwa vya Manhattan, kinyume cha sheria, jimbo lilitunga sheria mwaka 1982 iliyowatambua kwanza kama wapangaji wenye haki, kisha ikawapa wenye majengo muda wa kuyafikisha kwenye viwango. Mkaguzi wa fedha wa mji wakati huo, Brad Lander, alipendekeza mwaka 2022 mfano huohuo utumike kwa vyumba vya chini: mwenye nyumba ajisajili, aweke vifaa vya msingi vya usalama, mpangaji apate ulinzi, na ukamilifu uje baadaye. Kwa maoni yangu hilo ndilo pendekezo la busara kuliko yote yaliyotolewa baada ya Ida. Mwaka ule halikupita. Naona uchungu kulinganisha wasanii wa ghorofa za juu za viwanda na wapishi wa vyumba vya chini, kwa sababu jambo lilikuwa lilelile na mkono wa sheria haukunyooshwa sawa.

Mlango ulipofunguliwa

Takwimu za mji za 2023 zilionyesha kuwa kati ya nyumba zote za kupanga, zilizokuwa wazi na tayari kupangishwa ni asilimia 1.41, kiwango cha chini kuliko vyote tangu 1968. Katika hali hiyo hata wanasiasa wa mitaa ya nyumba fupi walilazimika kulegea. Mwaka 2024 jimbo lilifanya mambo mawili yanayogusa kisa hiki kutoka ncha zote mbili. Juu, liliondoa kikomo lililokuwa limeuwekea mji tangu 1961, kwamba sakafu za makazi zisizidi mara 12 ya ukubwa wa kiwanja. Chini, liliruhusu mji kuhalalisha vyumba vya chini katika maeneo yaliyotajwa, bila kuzisukuma nyumba ndogo zote ndani ya sheria ya 1929. Nafurahi kwamba mambo haya yalikuja mwaka mmoja, hata kama walioyatunga hawakuyaona kama jambo moja.

Tarehe 5 Desemba 2024 Baraza la Mji likapitisha mabadiliko makubwa ya kanuni za ujenzi, yaliyokadiriwa kuleta nyumba 80,000 ndani ya miaka 15. Kwa mara ya kwanza, nyumba ya familia moja au mbili inaweza kuongeza kijumba cha pili cha hadi futi za mraba 800, kiwe uani, darini au chini. Ukomo wa sakafu katika kanda za nyumba fupi ulipandishwa kidogo. Na karibu na vituo vya treni, majengo ya ghorofa tatu hadi tano yameruhusiwa pale ambapo awali nyumba mbili tu zilikuwa mwisho.

Sehemu ya vyumba vya chini ilikuja na sharti: hakuna ruhusa katika maeneo yenye hatari ya mafuriko, ya pwani na ya bara. Sharti hili ni sahihi. Baada ya watu 11, hakuna afisa anayeweza kutia sahihi chumba kilicho kwenye bonde la kijito kilichofukiwa, na asingepaswa. Kwa mara ya kwanza kanuni imeacha kuangalia ukingo wa barabara peke yake na kuangalia maji yanakopita. Nilisubiri sana kuona hivyo.

Lakini sharti linasema chumba kisihalalishwe. Halisemi anayelala humo leo ahamie wapi. Aliye mlimani sasa anaweza kupata dirisha, valvu na mkataba. Aliye bondeni, ambaye hatari yake ni kubwa zaidi, amebaki bila karatasi, na sababu zake za kutopiga simu ni zilezile za 2021. Kwake yeye jibu halimo chini. Limo juu, katika mtaa uleule ambako kazi yake na shule ya watoto wake zipo, kwenye ghorofa ambayo ingejengwa kama ingeruhusiwa.

Turudi basi kwenye kiwanja chetu cha futi 25 kwa 100, tukiweke bondeni, mitaa miwili kutoka kituo cha treni. Chini hapaombewi kibali, kwa sababu ya maji. Ili kiwanja kistahili yale majengo ya ghorofa tatu hadi tano, lazima kiwe na futi za mraba zisizopungua 5,000, na kiwe kwenye barabara pana au kwenye ncha fupi ya mtaa. Chetu kina 2,500, katikati ya mtaa. Mwenye nyumba angelazimika kununua na cha jirani, kubomoa nyumba mbili, na kujenga upya, mambo ambayo mtu anayetegemea kodi ya chumba kimoja hayafanyi. Kwa hiyo boila liko palepale, ngazi ziko palepale, na utabiri wa mvua ukitangazwa, mtu wa chini anatazama simu yake na kuweka viatu karibu na kitanda.